Moto Mmoja wa Rwamihini

Nitoeni nje kwanza, maneno yatafuata. Ansbert, shika miguuni, wewe Bonaventura shika kichwani, na mkinigonga mlangoni msiniambie pole, niambieni twende, maana leo si siku ya pole. Hapo hapo. Geuzeni kitanda. Sitaki kutazama barabara. Barabara nimeitazama tangu tulipohamishiwa hapa, na sijaona kikipita juu yake kitu kinachoushinda uzuri wa kilima kile. Deodata, niwekee mto mgongoni. Haya, Rwamihini, nimekuja! Mnaziona nyasi zilivyokauka? Zimekuwa na rangi ya Gaju, yule ng'ombe wetu wa kahawia, na upepo ukizipapasa zinalala upande mmoja kama manyoya ya mgongo wake. Miezi yote ya kiangazi tumezilinda, ng'ombe wakatulilia, watu wakatutukana, na leo ndiyo leo.

Tegeni masikio, watoto wa tumbo langu. Mimi Auleria, mjane wa Evaristi, nasema haya nikiwa na akili zangu timamu, na shahidi wangu ni mzee Shibuda huyu aliyekaa kwenye kigoda, ingawa namjua, akisimulia kesho ataongeza chumvi. Usicheke, baba Shibuda, utakohoa. Padri amekwisha kunipaka mafuta, na Mungu tumekwisha kuelewana. Mwili tu ndio nimeuomba ungoje, nao umekubali kwa shingo upande. Uji sitaki, Deodata, uondoe. Unajua sheria ya siku ya moto: hakuna jiko linalowaka katika kijiji hiki mpaka kilima kiwake, na mimi sitakuwa wa kwanza kunywa uji uliopikwa kwa moto wa jana.

Nataka nijue jambo moja kabla jua halijapinda: kilima kile kitabaki kimoja, au nikishafumba macho mtakikata vipande vitatu kama mkate? Ansbert, usitazame vidole vyako. Uliwaambia wenzako kilabuni kwamba mama akienda kila mtu atachukua chake, nawe utaomba upande wako, uuzungushie seng'enge, ulishe utakavyo. Miguu yangu imekufa, mwanangu, lakini masikio bado yanatembea. Sikukuita nikuaibishe. Nimekuita kwa sababu wewe ndiwe mkubwa, na neno lako likipotoka, wadogo zako watapotoka nalo.

Basi sikieni kilima kile kilitoka wapi. Nilipoolewa hapa nikitokea Mabawe, nilidhani nyasi ni nyasi tu, zinaota, zinaliwa, zinaota tena. Babu yenu, baba wa Evaristi, alinichukua hadi pale kwenye mwamba, akanionyesha upande wa pori la Burigi, akaniambia: "Bi harusi, unaona ule weusi? Pale anakaa adui yetu, na adui yetu ana mabawa." Alikuwa anasema mbung'o. Akanieleza kwamba mbung'o hapendi jua wala uwazi, anapenda kichaka chenye kivuli, na kichaka ni kama mgeni asiye na haya: ukimpa mlango anataka chumba, ukimpa chumba anataka kitanda. Kinachomfukuza ni moto mkali tu, na moto haupati ukali bila nyasi nyingi, ndefu, zilizokauka hadi mizizini. Ndiyo maana alikataza mtu yeyote kuchoma mapema. Kuanzia mvua zinapoisha kilima kinafungwa, ng'ombe wanalishwa mabondeni na kwenye mabua, wanakonda kidogo, na mvua mpya zinapokaribia, kinachomwa chote kwa siku moja, kwa moto mmoja, watu wote wakiwa wamekizunguka.

Na ili watu wote waje, mzee yule mjanja aliamuru majiko yote yazimwe. Nilimuuliza kama ni mzimu gani uliodai hivyo. Akacheka hadi akashika mbavu. "Mzimu wa njaa! Mtu akijua chakula cha mchana kipo nyumbani, atakuja kwenye moto?" Moto ukiisha, kila mama alichukua kaa lake kilimani kwenye kigae, akaenda kuwasha jiko lake, na jioni ile vijiko viligongana nyumba hadi nyumba. Nilikuwa mgeni, nikalia kwa furaha, Evaristi akadhani ni moshi.

Halafu ikaja operesheni. Sisemi uovu wa Ujamaa, msinisikie vibaya. Shule ya hapa Bonaventura aliisoma bila kutembea nusu siku, na zahanati ilimwokoa Deodata alipopata surua. Lakini tulishushwa kutoka kilimani, tukapangwa barabarani kama maharage kwenye mstari, na ng'ombe wa watu wote wakabanwa mahali pamoja. Kilima kikawa cha wote, na cha wote kikawa hakina mwenyewe. Mvua zikikatika tu, mmoja anakwenda na kiberiti chake, anachoma kipande ili majani mabichi yachipue, ng'ombe wake washibe majuma mawili. Kesho yake jirani anaona wivu, anachoma kingine. Kila mtu anapika chungu chake kidogo. Kufikia wakati wa moto mkubwa hakuna nyasi iliyobaki ya kuuchochea, na vichaka vilivyobabuka majani tu vikatucheka, vikashuka. Tulipanda mioto midogo, tukavuna mbung'o. Mnakumbuka ng'ombe wetu walivyokufa kwa nagana? Nywele zinasimama, machozi yanatiririka, mnyama anakula vizuri huku anakonda, mpaka asubuhi moja unamwita jina hageuki. Baba yenu alikuwa anakwenda zizini kuwaita wote majina, hata waliokufa. Hakuugua ugonjwa mwingine, wanangu. Ndio huo.

Niliyemchukia wakati ule ni huyu hapa. Ndiyo, baba Shibuda, wewe! Ulitokea upande wa Biharamulo na kundi lako la Kisukuma, pembe fupi, kelele nyingi, ukaomba malisho, na Evaristi akakufukuza kwa fimbo akisema hatutaki mgeni wa kumalizia mabaki. Kinyongo kile kilikaa katika nyumba hii kama jiwe ndani ya kiatu. Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone. Baada ya kumzika Evaristi, Shibuda alikuja kutoa pole, akakaa pale, akatazama wavulana wakichoma kipande cha kilima nyasi zikiwa bado na ubichi, akasema, "Mama Ansbert, ninyi huku mnapikia kuni mbichi. Chungu hakichemki, mnabaki na moshi machoni." Nikamwambia, "Na ninyi huko mnapikaje?" Akanieleza ngitili, jinsi kwao wanavyofunga nyasi na kuzilinda kwa kiapo, asiingie mnyama hata wa mtemi. Nikasimama. Nikamwambia, baba we, hiyo ni sheria ya mkwe wangu, imevaa kanzu ya Kisukuma tu! Tukacheka mbele ya kaburi bichi, Mungu atusamehe.

Tukaenda wote wawili kwenye mkutano wa kijiji kuomba kilima kifungwe. Katibu alikuwa na maagizo yake: moto ni marufuku, moto ni uharibifu. Alisema vizuri, kwa sauti ya redio. Nilipoona maneno yangu hayapandi, nilitoa kiberiti mfukoni, nikasema, "Ndugu Katibu, nimemleta shahidi," nikakifungua. Mbung'o watatu wakatoka. Ah! Mngaliona! Viti vilianguka, mwenyekiti alijipiga kofi shavuni, Katibu akaingia chini ya meza, na mimi niliyewaleta ndiye niliyeumwa wa kwanza, hapa, kwenye shingo. Shibuda alikuwa amekwisha kufika barabarani. Katibu alipotoka chini ya meza alikuwa anacheka hadi machozi, akafuta miwani, akasema, "Mama, shahidi wako nimemsikia. Fungeni kilima." Kijiji kikaikabidhi familia hii ulinzi wa nyasi na uwashaji wa moto, kama zamani. Kwa kauli yao walisema ni kwa Auleria na watoto wake. Hawakusema Ansbert peke yake, wala hawakusema vipande vitatu.

Kiberiti chenyewe ni hiki. Nimekifunga kwenye ncha ya kanga yangu. Tangu vita, kiberiti kimekuwa adimu kuliko sukari, na bado sikukiwashia taa.

Sasa nije kwenye vita, maana hapo ndipo mlipoona kwa macho yenu kazi ya moto mmoja. Ansbert, wewe ulikuwa umekwisha kwenda na mgambo, hukuona. Nakusimulia wewe hasa. Tulikuwa tumechoma kilima, mvua zikanyesha, majani yakatoka laini kama nywele za mtoto. Redio ikatangaza kwamba adui amevuka mpaka huko kaskazini. Muda haukupita mrefu, nikasikia mngurumo, nikadhani ni mizinga imetufikia. Deodata akatoka mbio, akapiga kelele, "Mama, ni pembe!" Ni ng'ombe wa wenzetu waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto huko mpakani, pembe ndefu, nyeupe, zimejaa bonde lote, msitu unaotembea! Walikuwa wamepitishwa kwenye mapori wakati wa baridi na giza ili mbung'o wasiwaone, kwato zimepasuka, ndama wamebebwa mabegani. Mzee aliyewaongoza alitazama Rwamihini, kijani kitupu, hakuna kichaka, hakuna nzi, akapiga magoti, akaishika ardhi kwa viganja viwili. Akaniuliza, "Mama, ranchi hii ni ya nani?" Nikamwambia, "Ni yetu sote, ndiyo maana ipo. Waachie wale!"

Wanangu, sijawahi kusikia sauti tamu kama ile ya makundi yale yote yakikata majani kwa pamoja. Kilima kilikuwa kinatafuna!

Na nani aliwachunga? Wanaume mlikuwa vitani. Deodata alichukua fimbo, akawachunga, na jioni akakamua. Mnajua kwetu mwanamke hakamui. Mzee mmoja akaja hapa na fimbo yake, akasema ng'ombe akikamuliwa na mwanamke maziwa yanakauka. Deodata hakuinua kichwa, kibuyu kati ya magoti, akamjibu, "Shikamoo babu. Basi karibu ukamue wewe, ila huyu hupiga teke, uje na meno ya akiba." Marahaba yake ilikuwa ndogo sana! Na maziwa hayakukauka. Watoto wa wakimbizi walinenepa kwa mikono ya dada yenu. Wenye ng'ombe waliporudi kwao vita vilipokwisha, walituachia ndama jike kwa shukrani. Tukamwita Ushindi.

Haya, sasa mali. Ng'ombe wagawaneni, wana miguu, wanagawanyika. Bihogo yule mwekundu na uzao wake ni wa Ansbert. Gaju na uzao wake ni wa Bonaventura. Wewe ni bwana mifugo, uko Biharamulo na kazi ya serikali, lakini mtu asiye na ng'ombe nyumbani hana sababu ya kurudi. Ushindi ni wa Deodata, na asitokee mtu akaniambia binti harithi ng'ombe. Huyo ng'ombe aliingia humu kwa mkono wake. Yule ng'ombe aliyeko Mabawe kwa jamaa yangu Melania, aliyepewa amtunze, muacheni hukohuko. Ndama wa kwanza atarudi, wa pili ni wa Melania. Ndivyo wazee walivyoweka akiba: usiwaweke ng'ombe wote katika zizi moja, ugonjwa ukija usikute kila kitu kimekaa mezani.

Lakini kilima hakina miguu. Kilima hakigawanywi. Mkikikata vipande vitatu, kila mmoja atachoma chake siku aipendayo, na mtakuwa na mioto mitatu ya njaa badala ya mmoja wa ushindi. Mbung'o hajui mipaka ya seng'enge, Ansbert. Yeye anahesabu vivuli tu.

Na sasa lile la Juni. Ulidhani sikuliona? Nilikuwa kitandani, nikanusa. Ulirudi kutoka vitani umekonda, umenyamaza, unashtuka mlango ukigongwa. Ng'ombe avunjikapo guu malishoni hujikokota zizini, nami nilifurahi ulijikokota kwetu. Ukaona ng'ombe wako wana njaa, ukaona nyasi zimefungwa, ukasema, hata hapa nyumbani naambiwa ningoje? Ukachoma ule ukanda wa chini, kati ya kilima na migomba ya kijiji. Majani yakachipua, Bihogo akashiba majuma mawili. Sasa tazama. Ule ukanda umekaa tupu, na vile vichaka vya mtoni vimesimama bila nyasi ya kuvichoma, karibu kabisa na mahali ng'ombe wote wanapokunywa maji. Moto wa leo hautavifikia.

Usilie. Nyoosha shingo, nimwone askari wangu. Nimeufikiria ukanda wako siku zote nilizolala, na leo asubuhi, upepo ulipoanza kutoka barabarani kwenda Burigi, nikapiga kofi peke yangu! Mwaka jana tulishinda kutwa tukifyeka kinga ili moto usirudi kwenye migomba. Mwaka huu kinga ipo. Watu watasimama salama pale ulipokosea, moto utaanzia mbele ya miguu yao, utapanda kilima ukikipa kijiji mgongo. Mungu ana ucheshi. Ila vichaka vya mtoni vimebaki, na hivyo, baba, urithi wako kutoka kwangu ni panga lile lililoko juu ya dari. Utavikata kwa mkono wako, kimoja kimoja, na mzizi wake, kabla mvua haijakolea. Bonaventura, usitabasamu, utakuwa unabeba.

Nani atashika moto? Mila inasema mtoto wa kwanza wa kiume. Mimi nasema yule aliyelinda nyasi wakati nyasi zinatamanisha. Deodata, mwanangu, inama. Fungua kanga. Kichukue kiberiti. Njiti ni chache, usizipoteze. Kuanzia leo wewe ndiwe utakayesema kilima kimefungwa, na wewe ndiwe utakayesema kimefunguliwa, na kaka zako watakuwa mbavu zako. Ukiolewa mbali, umfundishe mwingine wa nyumba hii kwanza, ndipo uende.

Ansbert, sasa ni zamu yako. Sikulazimishi. Ukisimama ukaenda zako, nitaubariki mgongo wako hivyohivyo, kwa maana nilikuzaa. Lakini ukitaka kilima kiwe kimoja, kasokote mwenge wa nyasi, umshikie dada yako mbele ya watu wote, wakuone. Neno lako kwangu halitoshi. Mwenge wako mkononi mbele yao, hilo ndilo neno.

Nenda, Deodata. Umande umekauka zamani, watu wanangoja, nawasikia wanavyoimba kwa njaa! Bonaventura, baki hapa, niinue.

...Anakwenda vizuri yule msichana. Baba Shibuda, macho yangu yana ukungu, niambie unachokiona. Amefika kwenye ukanda? Na Ansbert? Bado amesimama kwenye mti wa mtoni, unasema? Basi. Basi, kila mtu na njia yake. Mwache, Bonaventura, usimwite.

Wakati tunangoja, shika maneno ya kaburi. Mnizike ukingoni mwa kilima, chini ya ule mwamba, kando ya baba yenu. Saruji msimwage. Maua msipande. Nyasi ziote juu yangu, zifungwe na nyingine, na zichomwe na nyingine. Mtu asije akafyeka kunizunguka ati moto usiniguse. Uniguse! Ng'ombe wakija kunila, waacheni. Na msichinje mnyama mkubwa matangani. Wageni wapeni maziwa...

Nini? Sema tena, baba Shibuda. Anakimbia? Nani anakimbia? Ansbert! Anang'oa nyasi huku anakimbia! Mwenge... Anasokota mwenge. Bonaventura, niinue juu, juu zaidi, nivunjike nikivunjika! Amefika. Anampa... hapana, hampi, anaushika, yeye anaushika na Deodata anawasha. Sioni, lakini nawasikia watu. Sikilizeni watu wale! Ni vigelegele...

Moshi. Nauona moshi. Mweupe kwanza, sasa mweusi. Huo, huo! Unapanda! Mnausikia? Unanguruma kama ng'ombe wa kaskazini. Nenda, nenda baba, kula mpaka Burigi, usibakize kivuli. Evaristi, waite ng'ombe wako, njia ni nyeupe...

Nimechoka. Nishushe pole pole. Baba Shibuda, mkono wako. Kile kinyongo kilikwisha, sivyo? Umefanya vyema kukaa.

Bonaventura, sogea, sauti inaniishia. Baraka yangu ni hii, uwapelekee. Mungu awape mvua kwa wakati wake na subira kabla ya mvua. Zizi lenu lisinuke kifo. Watoto wenu wakue na midomo myeupe ya maziwa. Asitokee katika uzao wangu mtu anayechoma peke yake...

Nani huyo? Nasikia viatu vya jeshi. Ansbert. Umenuka moshi, baba. Una nini kwenye kigae?

Kaa. Kaa la Rwamihini.

Haya, washa jiko langu. Sasa nitakunywa uji.